Kamba Yangu Si ya Kuanikia Nguo

Ukiona kamba imefungwa kwenye shina la mti, imepanda hadi pale matawi yanapogawanyika, halafu imeteremka upande wa pili, jambo la kwanza la kufanya ni kuinua kichwa. Tazama juu. Basi. Haihitaji shule wala cheti, shingo Mungu alikupa bure. Lakini watu wa Nairobi hii wanatazama simu, wanatazama viatu vyao wasikanyage maji ya mtaro, wanatazama sufuria ya jirani wajue amepika nini, na juu hawatazami kabisa. Na mimi kazi yangu iko juu.

Napogoa miti. Mimi mwanamke, mama wa watoto, mkazi wa Kambi Muru hapa Kibera, napanda miti kwa kamba na kukata matawi yanayotishia mapaa ya watu. Ukitaka kushangaa, shangaa, umalize, tuendelee. Wengi wamekutangulia na hakuna aliyenipunguzia kazi kwa kushangaa.

Kabla yangu aliyekuwa anapanda ni mume wangu. Yeye alipanda kwa ngazi ya mbao, panga na ujasiri, na kati ya hivyo vitatu sijui ni kipi nilichokichukia zaidi. Siku moja akaanguka kwenye ua wa watu karibu na Ngong Road, akavunjika nyonga. Alipona, ndiyo, lakini mguu mmoja umebaki wa kuburuta na kupanda hawezi tena. Hilo lingekuwa msiba wa kawaida, wa kulia na kuombewa na kupelekewa uji, kama si habari ya paa.

Wacha niieleze hiyo habari ya paa, maana ndiyo iliyonila miaka yote hii. Kwa watu wetu wa upande wa ziwa, mwanamke aliyeolewa hapandi juu ya paa la nyumba ya mumewe. Ukipanda na mume yuko hai, umemtangaza maiti. Mimi nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni. Pia nilikuwa najua kwamba mabati yetu yana tundu juu ya kitanda, kwamba mvua ya masika haina huruma, na kwamba mume wangu alikuwa amesema "nitaangalia kesho" mpaka hiyo kesho ikaota ndevu. Basi siku moja akiwa kazini nikapanda juu ya pipa la maji, nikaparamia paa na kopo la lami na kipande cha gunia, nikaziba. Jirani wa mlango wa mbele akaniona. Akashika mdomo kwa mkono, akaingia ndani kwake bila hata kunisalimia.

Wiki chache baadaye mume wangu akaanguka.

Mama mkwe alifika kutoka nyumbani kwa basi la usiku, akaenda moja kwa moja hospitalini, akasimama miguuni pa kitanda na hata hakuniuliza habari. Alisema, "Ulimkalia kichwani. Umemwita kifo, kikaitika." Manesi walikuwepo, wagonjwa walikuwepo. Mume wangu alikuwa macho, alisikia kila neno. Nikamtazama, nikingoja aseme kitu. Akageuza uso akaangalia ukuta.

Tangu siku hiyo hakusema. Si kwamba alinilaumu, hapana, hajawahi kunitupia neno hilo hata tukigombana. Ila hakulikana pia. Mama yake akipiga simu na kulirudia, anasema "sawa mama", "ndiyo mama". Jirani akinong'ona, anajifanya kiziwi. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nilingoja huo mshindo mpaka masikio yakachoka. Nilitaka maneno mawili tu kutoka kwenye kinywa chake: si yeye. Aki, nani anaweza kunyimwa maneno mawili na mtu anayemfulia shati?

Na lile paa? Lami yangu ilibanduka, tundu likafunguka tena, na sasa hakuna wa kupanda. Yeye nyonga, mimi mwiko. Kuita mtu mwingine, anasema atatafuta. Kwa hiyo kila mvua tunasukuma kitanda ukutani, tunaweka sufuria pale kati, tunalala tukisikiliza ndo ndo ndo.

Kupanda miti nilijifunza wakati yeye amelala na nyonga yake. Mtu aliyelala mchana kutwa anakuwa wa simu, na simu ikishajua umeanguka kutoka mtini inakuletea miti bila kuchoka. Siku moja nilikuwa namlisha, nikachungulia. Nikaona mzungu mwenye kitambi, amevaa nguo za rangi ya majani, yuko msituni kwao asubuhi ya baridi. Ni mwindaji. Anataka kukaa juu ya mti kimya amvizie swala. Hana ngazi. Ana kamba moja nyembamba, kiti cha mikanda alichokivaa matakoni, na mafundo mawili matatu. Vyote vinaingia kwenye begi dogo, maana anasema akibeba vizito vitagongana na mnyama atasikia. Akakaa, akasimama, akakaa, akasimama, na ghafla yuko juu, kitambi na yote, anapumua vizuri tu.

Wee! Nilikasirika mpaka kijiko kikanitoka. Mtu anapanda salama hivyo ili amuue mnyama asiyemkosea kitu, na mume wangu aliyekuwa anatafutia watoto unga alipanda kwa mbao na misumari! Nikamwambia, "Rudisha hiyo, nione tena." Akairudisha. Tukaitazama mpaka chaji ikaisha.

Kiti nilishonewa hapa Kibera na fundi wa mabegi, kutokana na mikanda ya viti vya gari niliyookota kwenye gereji moja Kawangware. Fundi akanipima kiuno na mapaja, akauliza kama ni cha punda. Nikamwambia ndiyo, punda ndiye mimi, shona mara mbili kila mahali. Kamba yenyewe hatukubahatisha, tulingoja mpaka tukapata mpya ya kweli, ya aina ile wanayoning'inia waosha vioo vya maghorofa. Mazoezi nilifanyia kwenye mkaratusi ulio karibu na ukuta wa Nyayo Highrise, na askari wa lango akawa anatoka kunitazama kila siku. "Mama, unatafuta nini huko juu, network?" Nikamjibu nimeipata, na imeniambia aende akachunge lango.

Njia yenyewe ni rahisi kuieleza. Unarusha uzi mwembamba wenye kifuko cha kokoto, upite mahali imara matawi yanapogawanyika. Kwa ule uzi unavuta kamba. Ncha moja unaifunga chini kwenye shina, na hiyo ndiyo inayokubeba. Upande wa pili unafunga fundo la kubana, lile ambalo ukilisukuma linapanda na ukilikalia linauma kamba na haliachi. Miguu unaitia kwenye kitanzi. Unasimama, unasukuma fundo, unakaa. Ukifika kwenye kazi unajizungushia kamba fupi ya kiuno kwenye tawi nene ili mikono iwe huru kwa msumeno. Mti hauumii. Wale vijana wanaojifunga vyuma miguuni na kuutoboa mti kutoka chini hadi juu kama wanatafuta mafuta, hao sitaki hata kuwazungumzia.

Mume wangu akawa mtu wa chini. Anafunga kamba, anateremsha matawi kwa kamba ya pili, anafukuza watoto wasisimame pabaya. Na ana neno moja ambalo hajawahi kulisahau. Kila ninapotaka kuiacha kamba ya kiuno na kuukabidhi mwili wangu kwa ile kubwa, anapaza sauti, "Vuta kwanza!" Maana yake, usikae kabla hujavuta kamba na kuona imeshika. Nilikuwa namwambia asinifundishe kama mtoto. Lakini navuta, kila mara.

Sasa tufike Kawangware.

Binamu ya mume wangu, mwanamke, anapanga chumba huko kwenye ploti moja ya mabati. Katikati ya ua pana mukima mkubwa uliopandwa na marehemu baba wa mwenye ploti, zamani palipokuwa shamba. Mukima ni mti wa kuvunjika ovyo, na huu ulikuwa na tawi moja nene lililopasuka mahali lilipoungana na shina, limelala hewani juu ya chumba cha binamu, juu ya kitanda kabisa. Alilalamika mpaka mwenye ploti akakubali litolewe. Mwenye ploti akapatana na mume wangu kwa simu. Hakuuliza atapanda nani, na mume wangu hakujitolea kumwambia.

Jambo lingine kuhusu ploti hiyo, na hili ndilo la kushika: mwenye ploti amepiga marufuku kamba za nguo kwenye ule mti. Eti nguo zilizolowa zinatia aibu lango lake. Mabati hayana baraza, ua hauna nguzo, watu wana watoto wachanga na nepi, waanike wapi, kwenye meno? Basi wapangaji wanafunga kamba asubuhi, na msimamizi wa ploti anapita anafungua. Wanafunga, anafungua. Ndiyo kazi yake, na anaifanya kwa bidii kuliko ile ya kuzibua choo.

Tulitembea kutoka Kibera asubuhi, begi la shule la mtoto mgongoni mwangu na vyombo vyote ndani. Tukafika, tukaukagua mti, nikarusha uzi, kamba ikapanda. Mume wangu akaifunga kwenye shina. Nikapanda. Nilipofika kwenye lile tawi nikajifunga kamba ya kiuno, nikasimama imara, ile kamba kubwa ikalegea pembeni yangu kwa sababu sikuwa nimeikalia. Mume wangu akaenda upande wa lango na kamba ya pili, ambayo nilikuwa nimeifunga kwenye kipande cha kwanza cha tawi, ili akiteremshe mbali na mabati. Shina likabaki nyuma yake. Macho yake yalikuwa juu, kwangu na kwenye lile tawi, mahali yalipotakiwa kuwa.

Nikaanza kukata. Chini nikasikia sauti ya mtu ikifoka, "Nani amefunga kamba hapa tena? Si nilisema?" Nikajiambia, wameanza vita vyao vya nguo. Nikaendelea na msumeno.

Kipande kikakatika, mume wangu akakiteremsha taratibu mpaka chini. Kazi safi. Nikataka kuhamia upande wa pili wa lile tawi, na kuhama ni lazima nifungue kamba ya kiuno na kukalia ile kubwa. Mkono ukaenda kwenye kulabu ya kiunoni. Mume wangu akapaza sauti, "Vuta kwanza!" Nikasonya kama kawaida yangu, nikavuta.

Kamba ikaja.

Ikaja tu, nyepesi, bila ubishi. Nikavuta tena, nikadhani imelegea kidogo. Ikaja nyingine. Halafu ile ncha iliyopaswa kuwa imefungwa kwenye shina ikapita juu ya tawi mbele ya uso wangu, ikaniangukia begani. Nikaishika mkononi nikaitazama. Mkono wa pili ulikuwa bado uko kwenye kulabu, umeshaifungua nusu. Nikaifunga ile kulabu, nikaukumbatia mti kwa mikono na miguu, shavu kwenye gome, na nilisikia mkojo ukinitoka. Sioni haya kusema. Wewe ungefanya nini?

Nilipopata sauti nilipiga ukelele ambao nadhani walinisikia mpaka stendi. "Nani ameifungua kamba yangu? NANI?"

Ua mzima ukainua vichwa. Sasa ndiyo wanatazama juu! Msimamizi wa ploti alikuwa pale kwenye shina, amesimama na mikono mitupu, mdomo wazi. Akasema, "Mimi nilidhani ni ya nguo."

"Ya nguo? Nguo gani inaanikwa mpaka mbinguni, we mwanamume?"

"Nilidhani ni ya nguo," akarudia.

Sikuwa na muda wa kumtukana vizuri. Nikaipitisha kamba tena kwa mkono pale matawi yanapogawanyika, nikaifunga ncha kwenye uzi wangu na kile kifuko cha kokoto, nikaiteremsha kwa mume wangu. Alikuwa ameshaburuta mguu wake mpaka kwenye shina, uso umekuwa wa majivu. Akafunga. Akafunga tena juu ya fundo. Nikavuta, nikavuta, nikavuta, kisha nikakaa nikateremka.

Nilipogusa ardhi mwenye ploti alikuwa amefika, mzee wa kofia na fimbo, shati limepigwa pasi. Nilidhani ataniuliza kama niko salama. Nilikuwa mjinga. Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye suruali iliyolowa, akasema, "Ngai! Kumbe ni mwanamke mmenipandishia hapa? Ndio maana."

"Ndio maana nini, mzee?"

"Ndio maana mambo yameharibika. Mimi nilipatana na bwana, si bibi. Huu ni mti wa baba yangu. Hiyo ni ajali ya kazi, na sasa basi, nitaita vijana wenye ngazi."

Ajali ya kazi! Mtu anafungua kamba iliyombeba mwenzake, mchana kweupe, kwa sababu ya amri yake yeye ya kipuuzi kuhusu nepi za watu, halafu inaitwa ajali ya kazi, na kosa ni la sketi ambayo hata sikuivaa! Nikamgeukia mume wangu. Nilijua mwenye ploti hatanisikiliza mimi, ila yeye angemsikiliza, mwanamume kwa mwanamume. Nilitaka aseme, mzee, si yeye. Yale maneno mawili. Mume wangu alikuwa anatazama lile fundo kwenye shina, ameliwekea mkono.

Moyo uliniuma pale kuliko kule juu, Mungu ni shahidi.

Kumbe binamu, kwa woga wake, alikuwa ameshapiga simu nyumbani. Mimi nilikuwa bado naning'inia yeye anamlilia mama mkwe. Simu ya mume wangu ikaita. Simu yake ina ugonjwa: spika ya sikioni ilikufa, kwa hiyo kila anayempigia anasikika na dunia nzima. Akaipokea, akaishika mbele ya mdomo kama mtu anayetaka kunywa chai kwenye kisosi.

Sauti ya mama mkwe ikajaa ua. Alisema kwa lugha ya nyumbani, na nusu ya wapangaji pale ni watu wa ziwa, wakasikia neno kwa neno. "Mwanangu, uko hai? Nimeambiwa mke wako yuko juu ya mti. Nilikwambia mimi. Alikukalia kichwani ukaanguka, sasa anataka kumalizia. Mti pia ni paa. Nilikwambia!"

Wanawake waliokuwa wanafua wakaacha kufua. Nikangoja "sawa mama". Nilikuwa nimeanza kukunja kamba, maana sikutaka mtu auone uso wangu.

Mume wangu akajibu kwa Kiswahili. Sijui kwa nini, labda alitaka hata mwenye ploti asikie. Alisema, "Mama, si yeye."

Nikaacha kukunja.

"Si yeye. Ni ngazi. Pale pa kukanyaga palikuwa pamepasuka. Niliona asubuhi kabla sijatoka nyumbani. Nikafunga na waya, nikaenda nayo."

Akauliza, "Mama, umesikia? Nilianguka kwa sababu ya ngazi, na nilikuwa najua." Mama mkwe akakohoa, akauliza, "Huko kwenu mvua imeanza?" Akaambiwa bado, mawingu tu. Akasema haya, wasalimie watoto, akakata.

Sasa wewe unadhani nilifurahi. Nilidhani pia nitafurahi. Yale maneno mawili niliyoyangoja yalikuja kweli, tena mbele za watu, lakini yalikuja na mkia. Aliona asubuhi. Aliona! Alilala kwenye kile kitanda cha hospitali akijua, akanisikia nikiitwa muuaji mbele ya manesi, akageuza uso akaangalia ukuta akijua. Tumesukuma kitanda mvua ngapi, tumeweka sufuria, nimelala nikijiuliza kama kweli mikono yangu na kopo la lami ndivyo vilivyomvunja, naye yuko pembeni yangu anakoroma na jibu kifuani. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Nikamwambia, "Ulijua?"

"Niliona aibu."

"Aibu! Na mimi nilikuwa na nini?"

Nilichukua msumeno. Nikamwambia mwenye ploti kwamba lile tawi sasa limekatwa nusu, na hao vijana wake wa ngazi wakija watamkuta mpangaji amelaliwa nalo. Nikamwambia msimamizi wake asimame hapa, ashike fundo hili kwa mkono wake, na atazame juu mpaka nishuke, shingo ikiuma iume. Sijui nilikuwa na uso gani. Mzee alitafuna ulimi kidogo, akaangalia mabati, akaangalia tawi, akampungia yule msimamizi fimbo asogee. Msimamizi akashika fundo. Nikapanda nikalimaliza, kipande baada ya kipande, na kila nilipotazama chini nilimwona ameinua uso kama kifaranga anayengoja kulishwa. Binamu akatuletea ugali na sukuma wiki. Nilikula nimempa mume wangu mgongo.

Kurudi nyumbani nilitangulia. Yeye anaburuta mguu, mimi siku zote humngoja, siku hiyo sikungoja. Nilifika Kambi Muru jua bado liko, ila mawingu yalikuwa yameshajaa upande wa Ngong. Ile ngazi ilikuwa nyuma ya nyumba, tumeitumia miaka yote kuanikia matambara. Nikaigeuza nikaitazama. Waya ulikuwepo, umeshika kutu, umezungushwa vizuri palepale pa kukanyaga. Miaka yote umekuwa mbele ya macho yangu. Nikachukua panga nikaikatakata, nikairundika karibu na jiko.

Alipofika akazikuta kuni.

Nikaingia ndani nikatoa kopo la lami, misumari, nyundo na kipande kipya cha bati. Nikavaa kiti changu. Nikarusha ule uzi juu ya paa, ukaangukia kichochoro cha nyuma, nikazunguka nikavuta kamba ikapita mgongo wa nyumba, nikarudi mbele. Huko nyuma hakuna mti. Hakuna hata nguzo, kuna ukuta wa udongo wa jirani ambao ukiuegemea unaingia kwake. Nilikuwa nafikiri niifunge wapi, ndipo nikamsikia mume wangu amezunguka huko kichochoroni, anaburuta jerikeni. Akasema, "Nipe nafasi kidogo." Kisha, "Tayari."

Nikapanda juu ya pipa. Jirani wa mlango wa mbele, yule yule, akatoka na mwiko mkononi. "Wee mama! Shuka! Shuka, mume wako yuko hai!"

Sauti ikatoka upande wa pili wa nyumba, kubwa, ya kuamsha mtaa. "Niko hai! Mwacheni apande! Kamba nimeifunga mwilini mwangu!"

Milango ikafunguliwa. Watu wakazunguka kichochoroni kuona, nikasikia wanacheka, mwingine anasema jamani amekalia jerikeni amejifunga kama mbuzi wa Krismasi. Yule jirani akabaki na mwiko wake, akanitazama mimi, akatazama upande inakotoka sauti.

Nikaweka fundo langu kwenye kamba. Kabla sijaliegemea, akapaza sauti kutoka huko nyuma, "Vuta kwanza!"

Nikavuta. Haikuja.

Nilikuwa bado na hasira, na hasira hiyo ninayo mpaka leo, sitadanganya. Basi nikavuta tena, kwa nguvu kuliko inavyohitajika, mpaka nikamsikia akiguna huko nyuma. Kisha nikapanda juu ya paa la mume wangu, nikapiga magoti, nikaanza kugonga misumari.